Mfupa Usio na Mwamba Wake



Wapendwa wanaparokia, miaka ya visukuku inapotajwa, hata waamini wenye elimu huuliza: "Milioni 150! Nani aliihesabu?" Sisi twaliona ni swali zuri, kwa kuwa lina jibu.

Tuangalie kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya kale huko kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na wapagazi wenyeji wakaibeba mpaka pwani. Wengi humkumbuka dinosauri mrefu aliyesimamishwa Berlin. Lakini yalipatikana pia mabaki machache ya pterosauri, watambaazi walioruka kwa mabawa ya ngozi. Kipande cha taya la mmoja wao kilipewa jina Tendaguripterus mwaka 1999.

Taya hilo halisemi umri wake. Usemao ni mwamba. Pale Tendaguru matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari, yenye makombe na amonaiti, jamaa za ngisi waliokuwa na kombe la mviringo. Kila aina ya amonaiti ilidumu kitambo tu. Basi aina moja ikionekana Lindi na kwingineko, miamba hiyo ni ya rika moja. Hesabu ya miaka hutoka penye majivu ya volkano, kwa kupima urani iliyokwisha kugeuka risasi ndani ya chembe za zirkoni. Ndivyo ilivyojulikana kuwa Tendaguru ni ya mwisho wa Jurasiki.

Na kanuni kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia iliandikwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno, Mdenmark aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, baadaye akawa askofu, akatangazwa Mwenyeheri mwaka 1988. Hatuoni basi kwa nini Mkatoliki aiogope hesabu hii.

Linalotusikitisha sisi ni biashara ya visukuku. Mfupa uliong'olewa pasipo kuandikwa umetoka tabaka lipi ni sawa na cheti cha ubatizo kisicho na tarehe wala jina la parokia (nasi tumewahi kuletewa vya namna hiyo). Pengine punje za mwamba zilizoganda mfupani huokoa jahazi. Lakini muuzaji hupenda kuusafisha ung'ae. Kwa hiyo mkulima auonaye mfupa ndani ya jiwe tunamsihi asiuchomoe, bali aweke alama na kutoa taarifa, mtaalamu aje alione tabaka likiwa zima.