Waacheni Jim na Pam wagombane

JICHO LA SEBULENI
Na Rehema Mwakio

Kipindi cha vichekesho cha The Office, toleo la Marekani, kilifungwa kwenye runinga ya NBC tarehe 16 Mei 2013 baada ya misimu tisa na sehemu 201. Mashabiki wake hawajamaliza kuteta hadi leo. Vijana waliokuwa bado hawajaanza shule kilipoanza mwaka 2005 wamekirithi pamoja na ugomvi wake, na kuna ugomvi mmoja ambao nimeuvumilia kimya kwa muda mrefu mno. Ni ule wa sehemu iitwayo “Customer Loyalty”, iliyorushwa Januari 24, 2013. Wapo wanaoapa kwamba hapo ndipo waandishi walipokiharibu kipindi. Nawapinga, ingawa si kwa kila jambo.

Kwa asiyekijua, hii ni ofisi ya kawaida kabisa: tawi la kampuni ya kuuza karatasi iitwayo Dunder Mifflin, mjini Scranton, Pennsylvania. Wafanyakazi wanafuatwa na kamera za watu wanaotengeneza filamu ya hali halisi, ambao karibu miaka yote hiyo hatuwaoni. Jim Halpert ni muuzaji. Pam Beesly ni mpokezi wa wageni, na kipindi kinapoanza ana mchumba anayefanya kazi ghalani, chini ya ofisi hiyo hiyo. Tulisubiri miaka hadi Jim na Pam wakaoana, kule Niagara, katika sehemu ya Oktoba 2009. Kuna watu waliolia siku hiyo utadhani wamemwoza dada yao.

Sasa tuko msimu wa tisa. Jim ameanzisha na wenzake kampuni ya mambo ya michezo huko Philadelphia, na mwanzoni alimficha mkewe. Siku ya ugomvi, binti yao Cece ana onyesho la baleti. Jim hayupo, maana yuko Philadelphia, ambako mwekezaji wao mkubwa amejitoa. Pam ameenda na simu yake arekodi, lakini video haikutoka. Jioni wanapigiana simu. Jim anauliza habari za video, anakasirika, naye Pam anajitetea. Sauti zinapanda, maneno yanakatana, kisha simu inakatwa. Pam anabaki ofisini akilia. Dakika zile hazina kichekesho hata kimoja.

Malalamiko niliyoyasikia ni mawili. La kwanza, kwamba hiki ni kipindi cha kuchekesha na mtu akitaka majonzi ana tamthilia tele za kutazama. La pili, kwamba Jim na Pam hawako hivyo na hawawezi kusemezana vile.

Hawawezi? Nyumba nyingi hapa kwetu zinaendeshwa kwa simu, baba akiwa Nairobi au Qatar na mama akibaki na watoto, ama mama ndiye aliye mbali. Muulize yeyote kati yao kama ugomvi wa video ni ugomvi wa video. Anayefoka kwamba hukurekodi anakuambia kwamba ameumia kwa kutokuwepo. Anayejibu kwamba simu ilisumbua anakuambia kwamba amechoka kuwa peke yake. Waandishi waliupanda ugomvi huo tangu mwanzo wa msimu, siku Jim alipoamua kuanza biashara kisirisiri, wakaumwagilia polepole hadi Januari. Ingekuwa ajabu kama usingeota.

Nadhani tatizo liko kwingine. Shabiki akiumizwa na sehemu fulani, hukimbilia kusema ni mbovu. Mfano mkubwa ni “Scott's Tots”, ya Desemba 2009. Meneja Michael Scott, anayeigizwa na Steve Carell, aliwahi kuwaahidi watoto wa darasa la tatu kwamba wakimaliza shule ya upili atawalipia karo ya chuo. Miaka kumi imepita. Watoto wamekuwa vijana, wameshika ahadi na wamesoma. Wanampokea kwa nyimbo na machozi ya shukrani, na yeye hana kitu. Anachowapa ni betri za kompyuta, moja kwa kila mmoja.

Wapo mashabiki wanaokijua kipindi hiki kwa moyo lakini sehemu hiyo huiruka kila mara. Ninawaelewa, kwa sababu hata mimi huitazama nikijikunja. Sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki juani tukimsubiri mheshimiwa atangaze basari tunawajua wale vijana kwa sura. Lakini kuitia kwenye orodha ya sehemu mbovu ni dhuluma. Tazama inavyoendelea. Kijana mmoja anamfuata Michael nje, na Michael anakubali kumlipia angalau vitabu. Kisha, wakirudi, mpokezi wa wageni wa wakati huo, Erin, anamwambia kwamba asilimia 90 ya wanafunzi wale wako njiani kuhitimu, wakilipita kwa mbali kundi lote lililobaki shuleni. Ahadi ya uongo iliwasomesha. Unabaki na jambo hilo kifuani, hulipendi na huwezi kulikana. Ni vipindi vichache vya vichekesho vilivyowahi kunifanyia hivyo.

Hata hivyo, “Customer Loyalty” ina kosa, na hapo nawaunga mkono walalamikaji kwa sauti kubwa. Pam anapolia anatokea Brian, mshika maikrofoni wa wale wapiga picha, akiigizwa na Chris Diamantopoulos. Anaamuru kamera zizimwe na kumfariji. Wazo la kutuonyesha aliye nyuma ya kamera nalipenda. Watu hao wamekaa na Pam miaka tisa, wamemwona akichumbiwa, akiolewa na akizaa, na ni wanadamu. Lakini wakati ule haukuwa wake. Tulikuwa tumepewa ndoa iliyopasuka, na swali la kulala nalo wiki nzima lilikuwa Jim atafanya nini. Badala yake watu wakauliza Brian ni nani, na kama anamtaka mke wa mtu. Wiki iliyofuata Brian alimpiga mfanyakazi wa ghala kwa ile fimbo ya maikrofoni akimkinga Pam, akafutwa kazi, na baada ya muda mfupi kipindi kikamsahau. Waandishi waliogopa ugomvi waliouanzisha wenyewe, wakamleta mgeni awasaidie kuubeba.

Hilo linaniuma kwa sababu walikuwa wamefika mahali ambapo kipindi mama hakikuwahi kufika. The Office ya Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, ilikuwa na misimu miwili tu na toleo maalumu la Krismasi ya 2003. Iliwaacha Tim na Dawn wakibusiana, ikazima taa. Greg Daniels, aliyeitengeneza ile ya Marekani na kurudi kuisimamia katika msimu wa mwisho, alikuwa na miaka ya baada ya busu: mikopo, watoto, na kazi ya mmoja inayomla mwingine.

Na mambo hayo yalizaa tunda. Katika msimu wa tano Jim alinunua nyumba ya wazazi wake bila kumuuliza Pam, na sote tukamwita mchumba bora. Katika sehemu ya mwisho kabisa Pam ndiye anayeiuza nyumba hiyo hiyo, bila kumwambia Jim, ili wahamie Austin, Texas, ambako kampuni ya mumewe imehamia. Wanaoshangilia uamuzi huo ndio hao hao wanaotaka simu ile ya Januari ifutwe. Bila simu ile, Pam angekuwa na sababu gani ya kuuza?