Tuyajue maua yanayotuzunguka

UZURI wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia juma lililopita hapa Gitothua, nilipomkuta mtoto wa jirani kando ya mtaro akipasua tunda lenye miiba ili atoe mbegu za kuchezea. Mama yake alikuwa hatua chache tu, akichuma managu. Nilipomwuliza mmea huo ni upi, alinijibu, "Ni maua tu hayo, mzee."

Hayakuwa maua tu. Mmea huo ni mnanaha, ambao vitabu vya mimea huuita datura. Mbegu, majani na maua yake yote yana sumu. Anayeula hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio, naye huanza kuweweseka. Mwaka wa 2019 huko Karamoja, Uganda, watu watano walifariki na takriban 300 wakaugua baada ya kunywa uji ambao unga wake ulikuwa umeingiwa na sumu ya aina hii.

Maoni yangu ni kwamba sisi tunaoishi katika mitaa hii iliyojengwa palipokuwa na mashamba ya kahawa tumepoteza elimu ambayo nyanya zetu walikuwa nayo. Wao walijua kila kilichoota njiani. Sisi twajua maua ya dukani pekee. Hata hivyo, elimu hiyo yaweza kurudi kwa njia ya vitabu.

Anayeanza yafaa atafute kitabu cha Michael Blundell kuhusu maua ya mwitu ya Afrika Mashariki, chenye picha za rangi. Kile cha Andrew Agnew kuhusu maua ya nyanda za juu za Kenya, kilichotoka mara ya kwanza 1974, ni cha mtu aliyekwisha zoea. Hukupa maelezo mawili uchague moja, kisha mengine mawili, hadi ufikie jina.

Kosa la wengi ni kutafuta kwa rangi. Rangi hudanganya, kwani mnanaha wenyewe huwa na maua meupe au ya zambarau. Hesabu petali, tazama kingo za majani, kisha tafuta tunda. Managu na mnanaha ni wa jamii moja, pamoja na nyanya na viazi. Lakini ua la managu ni dogo kama nyota, na tunda lake ni laini na la mviringo. La mnanaha ni refu kama tarumbeta, majani yake yana meno na hunuka ukiyafikicha, na tunda lina miiba. Ndugu yake wa bustanini, mwenye tarumbeta kubwa zinazoning'inia, ana sumu iyo hiyo.

Kuna watakaosema vitabu hivi ni ghali. Ni kweli. Lakini chama cha akina mama kinachoweza kununua sufuria za kukodisha chaweza kununua kitabu kimoja, na shule vilevile. Simu nayo hukisia jina kwa picha, ila yaweza kukosea. Ukishindwa kabisa, funga tawi lenye majani, ua na tunda ndani ya gazeti, ulipeleke Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, iliko hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki.

Ieleweke kwamba kulijua jina la mmea kitabuni si ruhusa ya kuula. Na mtoto akiwa amekwisha kula asichokijua, usimtapishe. Mkimbize hospitalini, ukibeba kipande cha mmea huo.

Mtoto wa jirani alinawishwa mikono na mbegu zikatupwa chooni. Kesho yake mama yake alinijia na ua lingine mkononi, akaniuliza, "Na hili je?" Sikulijua. Tulifungua kitabu pamoja.