Vyombo vinaoshwa, mbona harufu haiishi?

Mama mmoja wa Kinjumbi, kule Kilwa, ametuandikia. Vyombo anaosha kwa sabuni kila siku, lakini glasi zina ukungu, sahani zinanuka samaki, na mwanawe wa mwaka mmoja ameharisha mara mbili mwezi huu. Anauliza kama abadilishe sabuni.

Mama, tuanze na mtoto. Kuharisha kuna sababu nyingi, kwa hiyo akirudia mpe ORS na umwahishe zahanati. Usisubiri tumalize habari ya vyombo.

Sasa maji. Unasema ya kisima chenu hayatoi povu. Hayo ni maji magumu, yana madini kama ya chokaa, na sabuni ya kipande ikikutana nayo hugeuka utando mweupe. Ndio ukungu wa glasi zako. Sabuni ya unga au ya maji hustahimili zaidi. Mkikinga maji ya mvua, yawekeni ya kusuuzia mwisho. Ukungu uliokwishashika, upake maji ya ndimu, usubiri kidogo, kisha usugue. (Mashine za kuoshea vyombo hutiwa chumvi maalumu ya kulainisha maji, lakini kazi yake huishia ndani ya mashine. Usitie chumvi kwenye beseni.)

Harufu ya samaki imejificha kwenye mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana sahani iliyopakuliwa samaki wa nazi inataka maji ya moto. Sufuria ya ugali ni kinyume: iloweke kwa maji ya baridi, ukoko uachie wenyewe. Anza na kikombe cha mtoto, malizia na vya samaki, na maji yakishachafuka yamwage, hata kama ndoo imetoka mbali.

Lakini mimi ninachokitilia shaka zaidi ni kitambaa. Kipande cha kanga kuukuu kinafuta sahani, kinafuta meza, mikono, mara pua ya mtoto, kisha kinatundikwa kibichi nyuma ya mlango. Vijidudu hupenda unyevu. Ukikifutia kikombe, umekirudishia uchafu ulioutoa kwa sabuni.

Mwambie baba watoto akuchongee kichanja cha fito au mianzi, kimo cha kiuno ili kuku na mbuzi wasifike, mahali penye jua na upepo. Acha nafasi kati ya fito maji yachuruzike. Sahani zisimame kiubavu, vikombe vifudikizwe kimoja kimoja, visipandane vikiwa na maji. Inzi wakizidi, funika kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa, si chandarua anacholalia mtoto. Masika kichanja kihamie barazani. Kikombe cha uji kikichelewa kukauka, kisuuze kwa maji yaliyochemka, ukikung'ute, umimine uji bila kukifuta.