Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Haimhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika fizikia, ambaye hana budi kuamua ni kozi zipi atakazosoma. Kwake yeye, jembe lisilofaa ni miaka iliyopotea na karo isiyorudi.

Mifumo ya elimu hutofautiana. Katika mapokeo ya Uingereza, ambayo vyuo vikuu vya Kenya viliyarithi, shahada ya uzamifu ilijengwa hasa juu ya utafiti na tasnifu. Nchini Marekani, aghalabu mwanafunzi husoma kozi katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo: mekanika ya kwanta, nadharia ya sumakuumeme, mekanika ya takwimu, kisha zile za hiari. Ni hizo za hiari zinazozua utata. Wapo wanaozichagua kwa wepesi wa alama. Wapo wanaomfuata msimamizi pasi na kuuliza. Wapo pia wanaovutwa na jina linalovuma. Njia zote tatu zina kasoro moja: hazianzi na swali la utafiti.

Chukua mfano wa Mwatate. Katika kaunti ya Taita Taveta, ulimo mji huo, huchimbwa tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo na kampuni ya Tiffany mwaka 1974. Kito hiki ni aina ya garineti yenye kalsiamu na aluminiamu, ambayo ikiwa safi kabisa haina rangi. Ukijani wake huletwa na kiasi kidogo cha vanadi au kromi, ambazo elektroni zake hufyonza sehemu ya nuru na kuiacha ya kijani ipite. Mchimbaji anayekadiria kwa macho hutegemea neno la mnunuzi mwenye vifaa. Basi mwanafunzi anayetaka kuliondoa pengo hilo hahitaji kozi kumi. Anahitaji fizikia ya yabisi, spektroskopia, na somo moja la jiolojia, hata kama halifundishwi katika idara yake.

Huenda ikadaiwa kuwa uchaguzi wa namna hii humfinya msomi, kwa kuwa vifaa hubadilika na maswali huchakaa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu kozi za msingi hazipaswi kupunjwa. Mekanika ya kwanta itabaki kumfaa hata vito vikiisha ardhini. Msingi usomwe kwa kina. Kozi za hiari ziteuliwe kwa swali.

Hatimaye, kipimo cha kozi iliyosomwa vyema si alama pekee. Ni uwezo wa kumweleza mchimbaji wa Mwatate, kwa Kiswahili anachokielewa, kwa nini jiwe lake ni la kijani. Msomi asiyeliweza hilo amebeba jembe zuri begani, ilhali shamba lingali pori.