Mti wa Ecuador Unatuhusu Nini?

Muhula uliopita chama chetu kilipofanya mjadala kuhusu misitu, nilitaja mti mmoja wa Ecuador ulio karibu kutoweka duniani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzangu wa upande wa upinzani akauliza, "Ati mti wa Ecuador? Unatuhusu nini sisi wala githeri?" Kengele ikalia kabla sijamjibu. Basi leo namjibu.

Mti wenyewe wanasayansi huuita Persea theobromifolia. Ni ndugu wa damu wa hiyo ovakado unayoiponda juu ya githeri yako. Humea magharibi mwa Ecuador, na wenyeji waliuita caoba, yaani mkangazi, ingawa si mkangazi hata kidogo. Ni uzuri wa mbao zake tu. Katika eneo la Río Palenque uliongoza kwa mbao. Kisha barabara zikapasuliwa, watu wakaingia, migomba na michikichi ikatanda. Mwanabotania Mmarekani, Alwyn Gentry, alipoupa jina la kisayansi katika miaka ya 1970, msitu uliosalia pale ulikuwa kama kilomita moja ya mraba, na miti iliyokomaa ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Hebu fikiria! Mti umejenga nyumba za watu miaka na mikaka, halafu unaandikwa jina ukiwa taabani. Ni kama mtoto kupewa cheti cha kuzaliwa akiwa mahututi. (Gentry mwenyewe alifia huko huko Ecuador mwaka wa 1993, ndege yao ilipoanguka wakikagua misitu.)

Sasa turudi nyumbani. Babu yangu alikuwa mpasuaji mbao Mlima Kenya. Muthaiti, ambao ni wa jamii moja na ovakado na mdalasini, ndio uliomlipia baba karo. Siwezi kumlaumu babu. Pengine bila muthaiti nisingekuwa darasani hapa. Lakini mwaka wa 1986 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili, na mwaka wa 1999 KWS walipokagua mlima huo kwa ndege, walihesabu zaidi ya mithaiti 6,700 iliyokatwa. Marufuku ipo, msumeno nao upo!

Niliwauliza wenzangu wa Kidato cha Tatu kama wanaujua muthaiti. Mmoja tu aliujua, tena aliujua kama kabati la nyanya yake. Na sisi kila siku ya kupanda miti hapa shuleni ni mikaratusi, mikaratusi, mikaratusi. Kwa maoni yangu, hiyo ni kupanda kuni.

Najua mtasema mbegu za muthaiti haziot ovyo ovyo. Kweli, ni wasumbufu kuotesha, ila mti huu huchipuka kutoka mizizini. Babu ana miaka themanini na mbili na magoti yanamsumbua, lakini amekubali kutuonyesha machipukizi yaliko, mradi twende kabla ya mvua ya Aprili. Mwalimu mlezi, basi la shule liko?