Cheti cha Mkwamba



Mtu akionyeshwa tawi la mkwamba limekaushwa na kushonwa juu ya karatasi nene, yamkini atacheka. Mkwamba! Kichaka cha pembezoni mwa msitu, cha vichuguu na mashamba yaliyoachwa, ambacho watoto huchuma matunda yake meupe, na wavuvi husukia madema kwa fito zake. Nani asiyeujua?

Jibu halimo katika tawi, limo katika cheti kilichobandikwa chini yake. Tawi likikauka hupoteza mengi. Weupe wa matunda hutoweka, kimo hakionekani, wala karatasi haisemi kama mti ulisimama kando ya mto ama juu ya kilima. Hayo yote hapana budi yaandikwe porini siku ile ile: mahali, tarehe, udongo, rangi, jina la mkusanyaji na nambari yake. Tawi lisilo na cheti ni kuni tu.

Tena mkwamba una jambo lake. Maua ya kiume huwa katika kichaka kimoja, na ya kike katika kingine. Achumaye kimoja tu ameleta nusu ya habari. Afadhali atwae vyote viwili, kila kimoja na nambari yake.

Matawi ya kichaka kimoja hupewa nambari moja, kisha hugawanywa: moja hukaa karibu, jingine hupelekwa mbali. Desturi hii yaweza kuonekana kazi bure, lakini sikilizeni. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wadachi walianzisha chuo cha utafiti mwaka 1902, na mimea mingi ya nchi yetu ilipelekwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, wakati wa vita, nyumba ya mimea mikavu ya Berlin, yaani hebariamu, ilipigwa mabomu ikaungua. Palipokuwa na tawi la pili mahali pengine, ushahidi ulisalia. Pasipokuwa nalo, umekwisha. Hazina ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nayo ingali huko.

Bwana P. J. Greenway wa Amani alitunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Majina yale hayakutoka Ulaya. Yalitoka vinywani mwa wenyeji. Lakini vyeti vingi vya zamani vyamtaja bwana aliyekata tawi, wala havimtaji aliyemwonyesha njia na kumwambia jina. Mimi naona ni upungufu. Kama mzee ndiye aliyetaja mti, na aandikwe naye, pamoja na lugha aliyosema, maana jina moja huenda likawa la miti miwili kwa makabila mawili.

Hata majina ya wataalamu hubadilika. Katika vitabu vingi vya zamani mkwamba huitwa Securinega virosa, na siku hizi Flueggea virosa. Mtunzaji mwema halifuti jina la kwanza. Hubandika kikaratasi kidogo kando yake, akaandika jina jipya, na jina lake mwenyewe, na mwaka.