Sikio la Mzee Halijafa

Ugomvi wa nyumba nyingi za huku Likoni, Kisauni na Changamwe hauanzi kwa fedha wala kwa wivu. Huanza saa moja ya usiku, taarifa ya habari ifunguliwapo. Mzee ataka televisheni ipandishwe sauti. Mjukuu mwenye mtihani ataka ishushwe. Mama mtu, aliye jikoni, aona haya kwa jirani. Nyumba zetu za Kiswahili zajulikana: vyumba vimepangana huku na huku, ukumbi mmoja katikati, na aghalabu ukuta haufiki darini. Kinachosemwa chumba cha mbele, aliye uani hana pa kukikimbilia.

Mwisho wa ugomvi huo twaujua. Atashindwa mzee. Hatatukanwa, kwani watu wa pwani wana adabu zao, ataachiliwa tu. Sauti itashushwa, naye atabaki kitini pake akitazama midomo ikicheza. Akiuliza, "Amesema nini?" ataambiwa, "Si kitu, babu." Akijibiwa hivyo mara tatu, siku ya nne hatauliza. Siku ya tano ataingia chumbani mapema, na watu watasema babu siku hizi achoka upesi.

Sisi twasema hakuchoka. Ametengwa katika nyumba yake mwenyewe.

Kwanza na tuyafahamu maradhi yenyewe. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vipokeavyo sauti, navyo vikishakufa havioti tena. Uzee huanza na vile vya sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zibebazo herufi kama s, f, sh na t. Irabu ni nzito, nazo hubakia. Sasa chukua maneno yetu haya: saa, taa, faa, shaa. Iondoe herufi ya mwanzo, na yote yamekuwa neno moja. Basi mzee asemapo, "Nawasikia, lakini siwafahamu," hasemi uongo wala hafanyi ukaidi. Sisi tuliokaa chuoni tukifunzwa kutenganisha sini, swadi na thaa twajua jinsi tofauti ile ilivyo nyembamba. Mwalimu aliilinda kwa bakora. Leo sikio la mzee limeipoteza, na hakuna bakora iwezayo kuirudisha.

Ndiyo maana kupandisha sauti si dawa. Kinachopanda ni irabu zile zile anazozisikia tayari, pamoja na mwangwi wa ukuta, panka la darini na honi ya matatu barabarani. Nyumba nzima huziba masikio, na mzee mwenyewe hapati neno hata moja zaidi.

Tena wako ambao si umri peke yake uliowadhuru. Mitaa yetu hii imejaa watu waliokula jasho lao bandarini, relini na kwenye karakana. Kenya ilitoa kanuni za kelele makazini mwaka 2005, zikaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Aliyestaafu kabla ya hapo, huenda sikio lake alikwisha kuliacha kazini. Wala si wazee wetu tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu watu milioni 430 wanaohitaji kusaidiwa kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu.

Sasa tazama ajabu yetu. Panda feri ya Likoni asubuhi yoyote, utawaona vijana wamevaa hedifoni masikioni, kila mtu na muziki wake. Kifaa hicho hicho, kikivikwa mzee mbele ya televisheni, humletea maneno mpaka mlangoni mwa sikio. Mwangwi wa chumba haumo, wala panka halimo. Yeye atajipimia sauti yake, na wengine watabaki na yao. Utepe wake hupita juu ya kofia bila dhara. Mbona hatujawakumbuka wazee?

Lakini hapa pana mtego, nao ndio uliotufanya tushike kalamu. Televisheni nyingi, ukichomeka waya wa hedifoni, hunyamaza kwa wengine. Mzee atasikia peke yake, na nyumba nzima itakuwa bubu. Tumemtoa upweke mmoja tukamtia mwingine. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize muuzaji swali moja: je, babu akivaa hiki, sisi nasi tutasikia? Ziko televisheni ambazo mipango yake huruhusu sauti zote mbili. Ziko hedifoni zisizo na waya, zenye kisanduku chake kinachounganishwa kwenye tundu la kutolea sauti na kumrushia mzee sauti pale alipo, huku spika ya televisheni ikiendelea kusema. Nyingine zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, midomo ikatangulia na neno likafuata, na hilo humchanganya anayesoma midomo. Zijaribu kwanza dukani. Na asiye na uwezo, hata spika ndogo iliyowekwa karibu na kiti cha mzee ni afadhali kuliko kupiga kelele nyumba nzima.

Mawili zaidi yafaa kuangaliwa. Mpelekeni hospitali akatazamwe, kwani pengine ni nta tu iliyoziba, au yuko tayari kwa kifaa cha kusaidia kusikia. Na sauti ya hedifoni isipandishwe mno, kwani hiyo nayo huua kilichobaki.

Vituo vya televisheni navyo vina deni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliviagiza viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi ya chini katika taarifa za habari. Mkalimani twamwona, na ni haki ya viziwi wetu. Lakini mzee aliyeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka sitini hakujifunza ishara. Yeye anajua kusoma. Mwandikieni Kiswahili chini ya picha, kwa herufi kubwa.

Wako watakaosema mzee hatakubali, ataona haya kuvishwa kitu cha vijana. Hilo lategemea ulimi wa mwenye kumvika. Usimwambie, "Babu, wewe husikii." Mwambie, "Babu, sisi twakukera kwa kelele zetu. Hebu jaribu hiki." Adabu hiyo twaijua, tumelelewa nayo. Na avaapo, msigeuze hedifoni kuwa ruhusa ya kumsahau. Habari zikiisha na avue, aulizwe ameonaje, asikilizwe. Mtu hatazami televisheni kwa ajili ya picha tu. Huitazama ili apate la kusema na wenziwe.

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walilinena kwa mkaidi, nasi tumelichukua tukamfanyia mzaha mzee. Sikio la mzee halijafa. Limechoka, na dawa yake wajukuu wamezivaa masikioni mwao.